Mama, Wamekiosha Kibuyu Chako

Shikamoo Mama,

Najua hutaitika, lakini siwezi kukusimulia jambo kabla sijakuamkia. Ungesema chuo kimenitoa adabu. Nakuandikia nikiwa Matongo, nimekaa jikoni kwako kwenye kigoda chako, maana ndani kwa kaka Marwa watoto hawanipi nafasi. Nina furaha, Mama. Nina furaha mpaka naona aibu, kwa sababu mwaka haujaisha tangu tukuzike na majirani wanategemea kuniona nimenyong'onyea.

Habari za nyumbani kwanza. Kaburi lako tumelijengea. Marwa ameuza bodaboda na kurudi kwenye maduara, kuchimba mashimo na wenzake, kwa sababu rashi mpya ya dhahabu imeibuka kule kilimani nyuma ya kanisa na kijiji kizima kimechanganyikiwa. Vijana wanatoka Mugumu, wanatoka Sirari, wengine hata hawasemi walikotoka, wanalala chini ya maturubai. Ghati, mke wa Marwa, anawauzia maziwa ya mgando kama ulivyowauzia wewe wachimbaji wa rashi ile ya zamani, ile iliyonisomesha. Juzi mmoja alimwuliza kama anatia sukari. Ghati alimrudishia pesa zake.

Sasa la kwangu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wenzako sokoni, "Wankuru wangu anafundisha magonjwa huko chuoni"? Nilikuwa nakasirika. Nakueleza kwamba ni mikrobiolojia, habari za viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba vingi havimdhuru mtu, na vingine ndivyo vinavyogandisha maziwa yako. Unanisikiliza vizuri kabisa, unatikisa kichwa, halafu kesho yake ni magonjwa yale yale. Lakini hukukosea sana, Mama. Somo lenyewe lilikuwa hivyo. Mwalimu anasimama mbele, anasoma majina marefu ya Kilatini na ugonjwa wa kila jina, wanafunzi wanakariri, wanayatapika yote siku ya mtihani, basi. Mtu anamaliza shahada ya kwanza na hadubini ameishika mara moja, tena kwa foleni.

Nilichoka. Niliiomba idara inipe mwaka wa kwanza niwafundishe kinyume: waanze kutazama, majina yaje baadaye. Wachukue maji wanayokunywa, udongo wanaoukanyaga, maziwa, hata mate yao wenyewe. Ungesikia kelele! Mwenzetu mmoja mzee, ambaye alikuwa anafundisha somo hilo wakati mimi bado nachunga ndama, alisema nataka kugeuza chuo kuwa jiko. Mkuu wa idara akakata shauri. Nipewe muhula mmoja wa majaribio, mwisho wake aje mtahini kutoka nje. Wanafunzi wangu wakishindwa, tunarudi kwenye kukariri na mimi nisifungue mdomo tena. Nilikubali palepale. Kiburi hicho nimekirithi kwako, usikatae.

Nikawaleta huku. Basi la chuo, hadubini zimeviringishwa kwenye mablanketi kama watoto wachanga, na darasa zima limeshangaa vumbi la maduara. Nilitaka waanze na kibuyu chako cha maziwa, kile cheusi, ambacho hukuwahi kukigusisha sabuni maisha yako yote. Unakisugua ndani kwa kijinga cha moto, unakung'uta majivu, unamimina maziwa, unakiweka pembeni. Ghati ameendelea nacho vilevile tangu ulipoondoka. Na mimi, Mama, nilikuwa na siri na kile kibuyu. Kwa kazi yangu nilijua kwamba mle ndani, kwenye vinyweleo vya kuta zake, kuna viumbe hai ulivyovilisha wewe kwa mkono wako. Mwili wako tuliuzika. Vile vilikuwa bado vinakula, bado vinazaana. Kila nikija likizo nilikuwa nakiinua na kukinusa kabla sijaingia ndani.

Nimekwambia hayo ili uelewe ni kwa nini nilipandwa na wazimu.

Zuhura, mwanafunzi wangu kutoka Tanga, binti mwenye heshima zake, aliamka mapema akamsaidie Ghati vyombo. Akachungulia ndani ya kibuyu. Akaona weusi, akanusa moshi na maziwa ya siku nyingi. Na yeye ni mwanafunzi wa mikrobiolojia, Mama! Akachemsha maji, akatia sabuni, akasukasuka, akamalizia na jiki. Akakianika juani kikinuka kama wodi ya hospitali, kisha akaja kuniita nikaone kazi yake.

Sitakuandikia yote niliyosema. Nilimwambia amekuua mara ya pili. Nilisema hivyo mbele ya darasa zima, nikipiga kelele mpaka kuku wakatoka jikoni. Mtoto wa watu alilia mpaka akapaliwa. Ghati alinivuta mkono akaniuliza, "Wifi, unamtisha mtoto wa watu kwa sababu ya kibuyu?" Kisha, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa na maziwa lazima yawekwe mahali, akayamimina humohumo.

Keshokutwa yake yalikuwa yamevimba na kutoa povu, na harufu yake hata mbwa wa Marwa alirudi nyuma. Wanafunzi walikizunguka kibuyu wakinitazama kwa kuibia. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nawaza kufunga hadubini turudi. Ndipo Zuhura, macho yamevimba, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, kuna mtu yeyote ambaye mama aliwahi kumgawia maziwa ya kuanzishia mgando?"

Nilikaa chini. Tangu nianze kufundisha sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile.

Dada Robi! Ulipomwozesha kule Ringwani, Serengeti, ulimfungashia kibuyu kidogo chenye maziwa yako ndani, ukamwambia asiende kuanza maisha kwa maziwa ya watu. Sote tulicheka siku ile, na bwana harusi akacheka. Basi, tukapanda basi la chuo hadi Serengeti. Robi umjuaye alichinja kuku kabla hajatuuliza tumefuata nini, na tulipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Alitupa maziwa. Kibuyu chake alikishikilia mwenyewe, hakumruhusu Zuhura hata kukisogelea.

Tuliporudi wakayapaka kwenye vioo, ya Robi na yale yaliyooza, wakatia rangi, wakatazama. Yaliyooza yalikuwa na vijiti vya waridi, vimejazana ovyo kila upande. Ya Robi yalikuwa na shanga ndogo za zambarau, zimeungana mnyororo kwa mnyororo. Hakuna aliyekuwa amewaambia watafute nini. Walisukumana, waliitana, waligombea hadubini. Mbona jiki iliwaua wazuri, wabaya wakaja wenyewe? Wametoka wapi? Moshi unafanya kazi gani? Hapo ndipo wakadai majina, Mama, wao wenyewe, na mimi nikayatoa. Mpaka leo hawajayasahau.

Wakakifukiza kibuyu upya chini ya macho ya Ghati, wakachemsha maziwa, wakayapoza, wakatia kidogo ya Robi. Siwezi kuapa kwamba waliomo sasa ni walewale wako. Hadubini haioni ukoo. Lakini yalipoganda, Marwa alirudi kutoka duarani, nywele zimejaa vumbi la mawe, akapokea kikombe bila kuambiwa lolote. Akanywa. Akasimama. "Mura," akasema, wala sijui alikuwa anamwambia kijana gani, "haya ni ya mama." Kisha akatoka akaenda kusimama zizini, ametugeuzia mgongo. Darasa lilipiga makofi. Nilimshika Zuhura nikamwomba radhi mbele ya walewale walionisikia nikimfokea.

Siku ya mtihani sikula kitu. Mtahini alikuja na chupa mbili za maji, moja safi kama kioo, nyingine ina rangi ya chai ya maziwa. Akaweka mezani akauliza: mngekunywa yapi, na kwa nini? Mzee wetu wa idara alikuwa nyuma, mikono kifuani. Nikajua kabisa kwamba darasa la kukariri lingeanza kumwaga majina ya vijidudu vya maji machafu bila kuvuta pumzi. Wanafunzi wangu walinong'onezana. Zuhura akasimama, akasema, "Hatujui bado. Tunaomba mpaka kesho."

Mkuu wa idara aliniangalia kama mtu aliyeuziwa dume lililohasiwa. Lakini mtahini alivuta kiti akaketi. "Mpaka kesho, basi," akasema.

Wakafanya kazi mchana kutwa. Walipanda matone ya chupa zote mbili kwenye visahani vyenye chakula cha vijidudu, wakaviweka kwenye joto, wakaenda kulala. Kesho yake kisahani cha maji safi kilikuwa kimechafuka madoa ya vijidudu vilivyoota kila mahali, na cha maji ya matope kilikuwa karibu kitupu. Maji ya matope yalikuwa yamechemshwa. Yale yaliyong'aa yalikuwa na vijidudu vya tumboni, na walimwonyesha kwa hadubini, kimoja kimoja, wakieleza wanachokijua na pale ambapo hawana hakika. Mtahini alisema chupa zile amezipeleka kwenye madarasa mengi, na kila mara anajibiwa palepale. Halafu akawapa mkono, wote, mpaka wa mwisho.

Idara imepitisha, Mama! Somo zima, kwa madarasa yote, wauguzi watarajiwa nao wamo. Nilitoka kwenye kile kikao nikapiga kigelegele kwenye korido, mlinzi akadhani kuna harusi. Na yule mzee aliyesema nageuza chuo kuwa jiko? Jioni ile nilimkuta maabara peke yake. Alikuwa ametema mate kwenye kioo na ameinamia hadubini, na kila nikijaribu kumsemesha alininyooshea kidole nisubiri. Mwishowe nikavuta kiti nikakaa naye.

Jumatatu narudi kazini. Nimekumbuka kukuaga kwa sababu wakati ule wa hospitali hatukuagana, ulikuwa umelala na mimi nikaogopa kukuamsha. Kwa hiyo kwaheri, Mama yangu. Nakupenda, sikukwambia vya kutosha. Ahadi yangu ni hii: kila darasa nitakalopewa nitalifundisha hivi, na wakiharibu waache waharibu, nitakaa nao mpaka wajue kwa nini. Tukishindwa kujua tutasema hatujui, na asubuhi tutatazama tena. Pumzika sasa. Tumeshinda, Mama.

Mwanao,
Wankuru