Window Mpya, Kirusi Kilekile

Jumamosi. Upepo wa kiangazi umeamka kabla yangu leo hapa Bariadi, umeleta vumbi na nyuzi za pamba mpaka kwenye neti ya dirisha. Sijafagia. Nimekaa kitandani, kompyuta iko mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili siiogopi.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Humu ndani kuna sauti za akina mama wa Lingeka na Bukundi, niliowarekodi kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya pili. Wanaeleza kwa Kisukuma nani ndani ya nyumba anaamua shamba lipi lilimwe pamba na lipi mahindi. Sikuwa na nakala nyingine. Nimewahi kusimama mbele ya wenzangu chuoni nikawafundisha kutunza data, na sikuwa na nakala nyingine.

Wiki mbili zilizopita folda kwenye flashi yangu ziligeuka kuwa alama zenye mshale mdogo pembeni. Yeyote aliyewahi kupeleka kazi steshenari kuchapisha anaujua mshale ule: ni kirusi. Nikaenda kwa fundi mmoja karibu na stendi, akanipigia window upya, yaani akaufuta mfumo wa mashine na kuuweka mwingine. Aliniuliza vitu vyangu viko wapi, nikamwambia viko D, ile sehemu ya pili ya diski. "Basi D hatuigusi, dada." Nikamshukuru sana, maana ndicho nilichotaka kusikia. Hapa mjini wote tunafanya hivyo: C inafutwa, D inaachwa, mashine inarudi inang'aa, tunasema imepona.

Nikafika nyumbani, nikachomeka flashi ileile.

Siku zilizofuata nilikuwa nafungua orodha ya programu zinazofanya kazi kila baada ya dakika chache, nasoma majina nisiyoyaelewa. Feni ikivuma, naifungua tena. Mshale sikuuona tena, lakini nilisikia kuna virusi vinavyouficha, kwa hiyo sikuamini, na sikuwa na namna ya kujua. Nilichoka kwa kutojua kuliko kwa kirusi chenyewe.

Jana ndipo nikaenda kwa dada Rehema, fundi mwingine wa kompyuta. Ana meza moja tu, mwishoni mwa duka la vitenge la baba yake. Mzee aliponiona nimeikumbatia kompyuta akaniuliza, "Binti, umekuja kwa fundi au unakwenda kliniki?"

"Kliniki, inaonekana kabisa imekonda," akadakia mama mmoja aliyekuwa anachagua kitenge. "Pole, ng'wanawane, mwanangu."

Rehema hakucheka. Aliuliza nilifuta nini, niliacha nini, na baada ya hapo nilichomeka nini. La mwisho nililijibu kwa sauti ndogo.

"Asante kwa kusema. Wengi hapo hunidanganya."

Nikamuuliza kama kirusi bado kimo. "Sijui, mdogo wangu. Ngoja tukitege."

Sijui. Alilitamka kama mtu anayetaja saa. Mimi nimesoma miaka yote hii na neno hilo bado nalificha chini ya sentensi ndefu.

Akatoa flashi tupu, akaweka ndani yake folda moja aliyoiita Chambo, akaichomeka kwangu. Akaniambia niitumie mashine kama ninavyoitumia siku zote, nifungue D, nifungue vitu vyangu. Kisha akaichomoa flashi na kwenda kuitazama kwenye kompyuta yake kuukuu, isiyotumia window kabisa, ambako alisema kirusi cha aina hii hakipati pa kukanyaga.

Chambo ilikuwa na mshale.

Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Yeye alifurahi! Alifurahi kama daktari aliyepata vipimo vinavyosomeka. Akaiwasha mashine yangu kwa mfumo wake mwingine, tukaitazama D kutoka nje. Folda zangu zilikuwepo zote, zimefichwa tu, na katikati yake kuna kifaili kidogo chenye jina lisilo na maana. Kiliachwa pale siku ile tuliposema D hatuigusi.

"Safari hii D inafutwa," akasema. Kabla sijapinga alishaanza kunakili rekodi, rekodi peke yake, hakuna programu hata moja. Halafu akanisogezea kiti. "Sikiliza kila moja, mwenyewe. Sifuti kitu ambacho mwenye nacho hajakisikia kwenye nakala."

Nikabonyeza ya kwanza. "Mwangaluka!" ikasalimia sauti ya mama wa Lingeka, dukani kote.

"Mwangaluka mhola!" akaitikia yule mama wa kitenge bila kugeuka.

Tulicheka mpaka mzee akaja kuangalia. Nikachomeka hedifoni haraka, kwa sababu yaliyofuata niliwaahidi hayatasikika ovyo. Nilisikiliza zote. Rehema alisubiri, hakuniharakisha hata mara moja.

Mzee aliporudi kutoka swala ya Ijumaa diski ilikuwa imefutwa yote, C na D, na window inaingia upya. Mtu mwingine angeishia hapo. Rehema akaisafisha ile flashi ya Chambo na kuanza mtego upya. Akaiwasha mashine, akachomeka, akachomoa, akatazama. Akaizima, akaiwasha, akarudia. Akaunganisha intaneti, akarudia. Mara zote folda ilibaki folda.

"Imepona?" nikauliza.

"Kile tulichokiona, hakipo. Nisichokijua siwezi kukuapia. Flashi yako niachie niisafishe, chukua hii ya Chambo. Badilisha nywila zako zote, na urudie mtego huu wiki nzima."

Sijawahi kumsikia mtu akiujua mpaka wa anachokijua kwa utulivu namna hiyo. Maprofesa wangu wanisamehe.

Nilipokuwa nafunga begi akaniuliza swali moja tena: katika wiki hizi mbili, flashi yako uliichomeka wapi kwingine?

Nikasema, hakuna popote.

Niliichomeka steshenari kwa mama Neema, Jumatatu iliyopita, nikichapisha barua. Kwenye ile mashine nusu ya mji huchomeka flashi zao: walimu, waomba kazi, watu wa ofisini. Niliona aibu. Nilitaka kuondoka nikiwa bado yule aliyesema ukweli.

Leo asubuhi nimetega Chambo mwenyewe na imetoka safi. Nimefurahi kwa muda mfupi sana. Huenda kwa mama Neema sasa hivi kuna mtu anaichomoa flashi yake yenye kazi ya mwaka mzima, haoni kitu.

Rehema anafunga saa kumi na moja, na mama Neema yuko mtaa wa pili kutoka pale. Nikingoja Jumatatu nitapata sababu nzuri ya kutokwenda, najijua. Sentensi yenyewe ni fupi. Dada, jana nilikudanganya. Nimeisema mara tatu kwa sauti hapa chumbani.

Naenda.