Uzi wa Mabaki

Yokote, tarehe 2 Machi

Mdogo wangu Kinuyo,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako theluji ya uani imeanza kulainika mchana na kuganda tena jua likishuka. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la shemeji Sadao sasa linamruhusu kupanda ngazi. Redioni wamesema mlima wenu wa volkano umetema majivu tena wiki hii, basi usianike nguo nje. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nasukuma theluji mlangoni kama kawaida.

Maua yako yalifika asubuhi ya mazishi, meupe yote, nikayaweka upande wa kulia wa jeneza ambapo wewe ungekaa. Majirani waliuliza mbona hukuja. Niliwajibu kwamba Kagoshima ni mbali, nao wakaitikia kwa adabu, ingawa kila mmoja anajua kuna ndege. Mama alikwenda kwa utulivu. Alikuwa na miaka tisini na minane, na siku ile alikuwa amekunywa uji wake wote. Tangu hapo sijalia hata mara moja. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Ni kama mkono uliokaa mno kwenye maji ya barafu: vidole vinatii, lakini hausikii kitu.

Kuna jambo ambalo sikukueleza. Miaka minne iliyopita nilitoa kitabu cha watoto, mimi nikaandika maneno na Bi Hatakeyama wa maktaba akachora picha. Kitabu cha picha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kurasa ni thelathini na mbili, maneno ni machache kuliko ya barua hii, na kila kitu hutegemea pale unapofungua ukurasa, maana hapo ndipo mtoto anapovuta pumzi. Chetu kinahusu kufuma na furaha ya kutoa. Mama mmoja mjane anafumua sweta ya marehemu mumewe, anaufua uzi, anaunyoosha kwa mvuke wa birika, kisha anamfumia binti yake mdogo sweta ya kahawia. Binti anamwona mwenzake mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi. Anaivua sweta mwenyewe, anacheka, anasema ifumuliwe tena, ziwe glavu za yule mwenzake. Ukurasa wa mwisho watoto wawili wanarusha theluji.

Najua umeshaelewa ni sweta gani. Nakuomba usome hadi mwisho.

Kila Jumamosi huwa nawasomea watoto pale maktaba. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nilikwenda pia, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kwenda, na Bi Hatakeyama akanichagulia kitabu hicho akidhani kitanifariji. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Nilipofika pale binti anapovua sweta, mtundu mmoja alisema, “Mimi nisingempa. Ningemkopesha tu, siku za baridi!” Wenzake wakamzomea: “Bahili wee! Kopesha na pua yako basi!” Wakacheka wote, isipokuwa msichana mmoja aitwaye Chiyori, wa miaka sita, ambaye alinyoosha mkono kama yuko darasani akauliza, “Bibi Fusae, kwani huyo mtoto aliulizwa?” Nilimwambia atazame picha, mtoto anacheka. Akaitazama kwa makini, akasema, “Lakini si mmemchora nyinyi wenyewe?”

Nilifunga kitabu nikasema muda umekwisha. Muda ulikuwa haujaisha.

Sasa nitakuambia, Kinuyo, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kueleza jambo.

Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mmoja. Baba alikuwa amefukiwa na theluji msituni mwaka uliotangulia, na sweta yake Mama alikuwa ameifumua akakufumia wewe ya kwako, kwa sababu ulikuwa ukilala nayo usoni ukisema ina harufu yake. Majira yale ya baridi ulishikwa na surua, ukalala siku nane kwenye chumba chenye giza. Sweta ilikuwa imekunjwa kwenye kikapu. Shuleni mwalimu wetu alikuwa ametusomea kitabu cha picha, kimoja tu kilichokuwapo shule nzima, juu ya mwanamke aliyempa mbweha mtandio wake, akatuambia kwamba hakuna furaha kubwa kuliko kutoa. Jirani yangu wa dawati, Mitsue, mikono yake ilikuwa ikiacha damu kwenye daftari. Nilijua kufuma. Uzi sikuwa nao.

Mama alikuwa akipanga tufaha ghalani kwa watu hadi jioni. Kufuma sweta ni kazi ya mwezi mzima. Kuifumua, ukishaipata ile ncha ya mwisho, ni chini ya saa moja. Ulikuwa ukikohoa upande wa pili wa mlango wa karatasi, na mimi nilivuta. Nilifuma glavu zile ambazo kidole gumba peke yake ndicho chenye chumba chake. Kwa uzi uliobaki nikafuma shali, vyote nikampa Mitsue. Kusema kweli, nilifurahi. Nilifurahi sana, na hilo ndilo nililolificha kuliko yote.

Kwetu zawadi isiyojibiwa humlemea aliyeipokea. Siku ya tatu baada ya kumpa, mama yake Mitsue akaja na figili za chumvi na viazi vitano ndani ya kitambaa, akapiga magoti kizingitini, akamshukuru Mama kwa kumvika mwanawe. Mama hakuwa na habari yoyote. Aliutazama mlango wa chumba chako, akanitazama mimi, akaelewa. Angefanya nini? Mgeni yuko magotini, viatu vyake vimejaa theluji, zawadi ya kujibu iko mikononi. Aliinama akasema lile ambalo kila mama wa hapa angesema: “Usijali kabisa, ndugu yangu. Ni kitu cha ovyo tu, uzi wa mabaki.”

Wewe ulisikia. Ulitoka na madoa yako usoni, ukafungua kikapu, ukakikuta kitupu. Ulimwambia Mama, “Umempa mtu baba yangu. Ukamwita mabaki.”

Mama alikurudisha kulala bila kunitaja. Usiku ule alinishika bega akasema kwa sauti ya chini, “Nyamaza. Mtoto akimchukia mama yake, bado atakula wali wake. Akimchukia dada yake, nikifa mimi atabaki na nani?” Nikanyamaza. Kwanza kwa kumtii, baadaye kwa sababu ilikuwa rahisi. Ulipoondoka na miaka kumi na nane ukiapa kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayevaa sufu, nilinyamaza. Kabla ya harusi yako, ulipomwandikia Mama asilete chochote, kwamba umezoea mabaki, nilimsomea barua ile mimi mwenyewe, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na nikanyamaza.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea Mama kule kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akitunzwa. Alishika kila ukurasa karibu na pua. Mwishoni alisema, “Huyu mdogo umemfanya mwema sana,” kisha akauliza kama wewe umeshakisoma. Nikamwambia umekisoma, umekipenda. Akaniomba nimfunike miguu. Hakuuliza tena. Sijui kama aliniamini.

Hukuwahi kuulizwa, Kinuyo. Mama hakutoa sweta ile. Nilitoa mimi kitu ambacho hakikuwa changu, nikapata furaha ya kutoa, Mama akapata chuki yako kwa miaka sitini na saba, na wewe ukakosa mama. Nimemwandikia mchapishaji asikichapishe tena. Najua hilo halikusaidii.

Siku ya arobaini na tisa tangu Mama afariki ni tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi, ndipo majivu ya mwili wake yatakapowekwa kaburini pamoja na ya Baba, kama ilivyo desturi. Nimemweleza kasisi wa hekalu kwamba mbebaji wa chungu cha majivu ni mdogo wangu. Akauliza kama usipokuja atabeba nani. Nilimwambia hakuna, kitakaa hapa sebuleni hadi uje, au hadi nife na mimi. Usilichukulie kama tishio. Ni kwamba mikono yangu haistahili. Kama hutaki kuniona, sitatoka nyumbani siku hiyo. Bi Hatakeyama atakupokea stesheni na kukupeleka.

Nisalimie shemeji Sadao na watoto wenu, ambao nawajua kwa picha tu. Theluji ya makaburini bado itakuwa inafika magotini. Vaa viatu vya mpira virefu.

Ni mimi dada yako,
Fusae