Taa ya Tveit

Jumanne, 14 Januari
Kaapishwa! Mke wangu LaVonne ni mbunge wa bunge la jimbo. Alishindwa mara mbili, ya tatu wakamchagua — nadhani walichoka kumwona mlangoni. Nimempigia simu huko Pierre, bunge linakokaa: habari za huko, Mheshimiwa? Akauliza kama nimelisha ng'ombe. Nimelisha. Nyumba imepoa, hata mbwa kanuna.

Jumapili, 2 Februari
LaVonne alikuja jana, leo karudi. Theluji magotini.

Mswada wake wa kwanza ni wa ambulensi. Huduma ya mji wetu itafungwa kiangazi jimbo lisiposaidia, na nyingine iko mbali, ng'ambo ya mto. Hasemi, lakini najua anamhofia nani. Mimi, na moyo wangu huu mbovu.

Kikwazo ni Orville Tveit, mwenyekiti wa kamati ya fedha, mzee asiyecheka. Kamwambia wazi atampinga: leo mji wenu, kesho kila mji utanyoosha mkono. LaVonne akampelekea kuchen, keki ya plamu niliyooka mwenyewe. Keki yangu, kwa adui!

Jumanne, 18 Februari
Simu. Tveit karudisha bati la keki, limeoshwa linang'aa. Keki hakuisifu. Kauliza tu mumeo anaumwa nini. LaVonne akamweleza, mzee akatikisa kichwa, akaenda zake. LaVonne anasema kwa mzee huyo hakuna tumaini.

Halafu kuna mzaha wao wabunge. Mbunge mpya akileta mswada wa kwanza, wote hubonyeza taa nyekundu, ya kukataa, wamtoe jasho kidogo. Kisha hugeuza kijani kabla spika hajafunga kura. Tveit tu ndiye asiyeshiriki. Kwake kura si mchezo, akibonyeza kabonyeza, hageuzi.

"Delmar," LaVonne akaniambia, "nitajuaje nyekundu ipi ni ya utani?"

Nikamwambia nampenda. Akasema hilo analijua, nikalale.

Alhamisi, 20 Februari
Niko juu, kwenye viti vya wageni bungeni. Sikumwambia nakuja. Ng'ombe nimemwachia jirani. LaVonne kavaa koti la bluu alilovaa kwenye arusi ya binti yetu. Mrembo wangu!

Kaeleza mswada vizuri. Sauti ilimtetemeka mara moja tu, alipofika kwa mgonjwa anayesubiri na mtu wake kamshika mkono. Nikatazama viatu vyangu.

Kura imefunguliwa. Nyekundu. Nyekundu. Ubao wa kura mzima unawaka! Wengine wanakohoa kuficha kicheko, wengine hawacheki kabisa. Hakuna anayegeuza bado. Yeye kainamisha kichwa, kashika ukingo wa meza. Usilie, mama. Spika kashika nyundo yake —

Namtafuta Tveit ubaoni. Majina yamepangwa kwa alfabeti, lake liko chini, karibu na mwisho.

Kijani. Peke yake kati ya nyekundu zote. Na mwenyewe kakunja mikono, hamtazami mtu.

LaVonne, inua kichwa. Inua kichwa uone.