Magadi ya Kunde

Mjukuu wangu Umi,

Nimeenda matangani Ekero. ~~Nitalala huko.~~ Nitarudi jioni. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nilikuta tangi la kaka yako Athman limenyamaza, matumbawe yamejifunga, samaki wamejibanza nyuma ya jiwe. Kumbe jana ulinisikia nikisema maji yameanza uchachu, yanataka magadi, ukaamka mapema ukanisaidia. Asante, mama. Lakini uliyotia ni magadi ya kupikia kunde! Nilimaanisha soda ya kuokea, kijiko kidogo tu, ukoroge kwanza kwenye maji safi, umimine polepole.

Nimepunguza maji kidogo, nikaongeza yale ya chumvi ya ndoo ya buluu. Leo usitie kitu, hata siki ya kuyarudisha. Uchachu kupanda na kushuka ghafla ndiko kunakowaua. Alasiri upime maji kwa yale matone ya kupimia uchachu. Yakiwa bado zambarau, yaani magadi bado yamezidi, acha tu.

Tangu Athman aende Mombasa, nikisema sabalkheri sebuleni, ni samaki hao tu wanaokuja kwenye kioo. Leo nimesema mara mbili.

Jaribu wewe. Mmoja akitoka, usilale kabla hujaniambia.

Kukhu wako