Vilima Viwili vya Imla

Jumamosi, 2 Machi

Darasa la takwimu leo, asubuhi hadi adhuhuri. Mhadhiri amechora kilima ubaoni. Anasema ukipima kitu kimoja kwa watu wengi wa aina moja, mara nyingi namba hujazana katikati na kupungua huku na huku, kama kichuguu. Huo ndio usambazaji. Picha ile nimeipenda. Sisi walimu tunaosoma wikendi tumepewa zoezi: kila mtu alete namba za darasa lake mwenyewe. Mimi nitapeleka alama za imla. Rahisi — ninazo tayari.

Jumatatu, 4 Machi

Nimechora. Sikupata kilima. Nimepata viwili!

Wanafunzi arobaini na wanane, imla ya alama ishirini. Kundi moja limesongamana kwenye saba na nane. Jingine kwenye kumi na sita. Katikati bonde tupu. Wastani ni kumi na mbili. Nikatafuta nani amepata kumi na mbili. Hakuna hata mmoja. Siku zote namwambia Mwalimu Mkuu kwamba darasa langu ni la wastani, kumbe huyo mtoto wa wastani hayupo.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikarudia. Vilevile.

Jumanne, 5 Machi

Leo wakati wa kusoma kimya nimepita dawati hadi dawati na alama mkononi. Wale wa kilima cha chini karibu wote wanakaa upande mmoja. Upande wa ukuta wa karakana.

Nimeandika mstari huo nikaufuta. Nauandika tena.

Ukuta ule ni mmoja: huku darasa langu, kule wanakunja mabati. Nyundo kutwa. Nimefundisha chumba kile miaka mingi, siku hizi nazisikia pale zinaponyamaza tu. Na karakana ni ya kaka yangu. Baba alipofariki, kaka aliacha shule akashika nyundo, mimi nikabaki darasani. Mama anaishi kwa karakana ile. Mafundi wake nao wana watoto.

Labda ni watoto wenyewe tu. Wazito hupenda kukaa mbali na meza yangu, na meza yangu iko upande wa mlango. Inawezekana kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Mhadhiri ametazama vilima vyangu kwa muda mrefu. Akauliza nani aliwapanga watoto kukaa. Nikasema wamejipanga wenyewe, wengine wazazi waliomba. Akasema basi bado sijui lolote. Huenda dawati ndilo linalomshusha mtoto. Huenda mtoto aliyekwisha kushuka ndiye anayekimbilia dawati lile. Mambo mawili yamefungwa kamba moja, na kuyatazama tu hakuyafungui.

Kinachoyafungua ni kura. Wagawe kwa bahati nasibu, siyo kwa hiari yao wala yangu. Imla kila siku kwa wiki moja, kisha wabadilishane pande, imla tena wiki nzima. Na asahihishe mtu asiyejua nani kakaa wapi, maana msahihishaji akijua huanza kuona anachokitaka.

Nikamwambia karakana ni ya nani. Akaikunja grafu taratibu akanirudishia. Akasema naweza kuchagua zoezi jingine, hakuna atakayenilaumu.

Heri asingesema.

Jumatatu, 11 Machi

Kura imepigwa. Vikaratasi kwenye kopo, kila mtoto kachomoa chake. Kelele na vicheko. Kifaranga — ndivyo wenzake wanavyomwita, kwa udogo wake — ameangukia ukutani tena, dawati lilelile. Amecheka mwenyewe. Huyu ndiye ambaye Mwalimu Mkuu ameshaamua arudie darasa, kwa mara ya pili. Mama yake ameshaitwa, ameshalia ofisini.

Mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili amekubali kunisahihishia. Majina nimeyafunika. Hajaniuliza kwa nini.

Ijumaa, 15 Machi

Wiki ya kwanza imekwisha. Alama sijazichungulia.

Jioni kwa mama. Kaka alikuja na mlango mpya wa jiko, kaukunja kwa mikono yake, akaufunga mwenyewe. Haulii hata kidogo. Mama anaufungua na kuufunga kama mtoto. Tumekula pamoja. Sikumwambia kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Wamebadilishana pande. Kifaranga yuko mlangoni sasa. Nilipokuwa nasoma imla, kila sentensi alikuwa anainua kichwa haraka — kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekusanya kila kitu.

Wiki ya kwanza: wa mlangoni wana kilima chao kwenye kumi na sita, wa ukutani kwenye nane. Wiki ya pili: mlangoni kumi na sita, ukutani nane. Watoto wamehama. Vilima havikuhama. Wale niliowaita wazito wamepanda, na hodari wangu wa siku zote — yule anayejibu kabla sijamaliza swali — kaporomoka hadi saba.

Kifaranga akiwa ukutani: kila siku tano au sita. Akiwa mlangoni: kumi na tano hadi kumi na saba.

Siyo mtoto mzito. Hakuwa anasikia.

Jumapili, 24 Machi

Nimewaambia. Mama na kaka, sebuleni, mchana. Nilipiga moyo konde nikaanza na kaka, kwa sababu ningeanza na mama ningekwama.

Nilijitahidi kueleza vilima. Mama akaniuliza ni nani mwingine anajua. Nikasema mhadhiri tu, ila Jumatano nimeomba kumwona Mwalimu Mkuu na kamati ya wazazi. Akashusha pumzi. Akauliza kwa sauti ndogo nimepata wapi moyo wa kumpeleka ndugu yangu mbele ya watu.

Kaka hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alitabasamu kidogo. "Mabati hayajui kunong'ona, mdogo wangu," alisema. Kisha akasema akihama pale, wateja hawatamfuata. Akipunguza kazi, atamwambia fundi gani asirudi kesho? Mtoto mmoja amekosa imla, yeye afunge?

Nikamwambia siyo mmoja. Ni nusu ya darasa, kila mwaka. Na kitinda mimba wake anaingia kwangu mwakani — kura itamweka upande gani?

Alikoroga chai mpaka ikapoa. Alipoinuka kuondoka akasema kusoma grafu hajui, lakini atakuja kukaa pale ukutani mwenyewe, aone.

Jumanne, 26 Machi

Naandika hapahapa darasani, mezani kwangu, haraka. Watoto wameshaondoka. Kaka ametoka kidogo kunywa maji bombani.

Amekuja na aproni yake ya ngozi, vumbi la chuma kwenye nyusi. Hakutaka nimchagulie. Amekwenda moja kwa moja ukutani, akajibana kwenye dawati, magoti hayakuingia, akakaa upande. Nikampa karatasi na kalamu. Nyuma ya ukuta mafundi wake wanagonga kama kawaida, aliwaagiza wasipunguze. Akasema nisome kama ninavyowasomea watoto, nisimpendelee.

Nikasimama pale ninaposimama siku zote. Nikasoma sentensi ya kwanza, mara mbili, kama kawaida. Ya pili. Ya tatu. Hakuandika. Kalamu iko mkononi, ananitazama tu, mtulivu. Nilidhani ameghairi. Nilidhani ameona, anaona aibu, hataki kusema.

Kisha akaniambia kwa upole, "Anza basi. Nimekaa tayari."

Nimemwonyesha kwa mkono ahamie upande wa mlango, tujaribu tena. Akasema sawa, anywe maji kwanza.

Miaka yote hii sisi tumeisikia kelele ile kupitia ukuta. Yeye amesimama ndani yake. Kama akiwa mlangoni ataandika, basi ni ukuta, na hilo najua pa kulipeleka. Kama hataandika — basi ni masikio yake, na hili silo nililokusudia kupima. Sikulipangia kitu.

Amerudi. Ameketi mlangoni, anafuta mikono kwenye aproni asichafue karatasi. Inabidi nisome kwa sauti ileile, nisiipandishe hata kidogo.

Ameshika kalamu. Ananitazama mdomoni.