Barua Iliyotokea Pate

Rumaisa, uko? Usinipigie, sina sauti. Soma tu.

Unaijua ile kazi yangu ya kuunga kompyuta za ofisi zetu za Amu, Pate na Ndau, zigawane kazi ya kuchambua picha za mikoko bila mashine kubwa katikati? Jana imekubali. Kila kompyuta inaziona nyingine kama ziko chumba kimoja. Nilijisifu mpaka nikachosha watu.

Sasa asubuhi hii nimebaki peke yangu ofisini hapa Amu, nikaandika ile barua ya Kadhi. Ndiyo, ile ya kuomba talaka.

Nikabonyeza itoke. Printa hapa pembeni kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Mara Bwana Hamdu wa ofisi ya Pate akapiga simu. "Bi Hayat, barua zako mbili zimetoka huku. Wallahi sikuzisoma, nimeona jina lako tu nikazikunja."

Printa ya Pate, Rumaisa. Kompyuta imeiona kama iko humu chumbani. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeifundisha.

Nikamwambia azichane. Akacheka. "Usiwe na shaka, nishampa Bwana Fadhil. Alikuwa anapanda boti kuja Amu. Nani wa kumwamini zaidi ya mumeo?"

Nishampa Bwana Fadhil. Kwa uungwana kabisa.

Nimekaa nakuandikia wewe.

Fadhil amepiga sasa hivi, injini ya boti naisikia nyuma yake. Hakufoka. Kasema, "Hukutia sahihi. Nakuletea."