Maneno ya Bibi Skolastika

Furaha, uko wapi? Redempta yuko kwangu Mafiga. Hajala kitu.

Si unajua alipewa kazi ya kuhamisha majibu ya wazee wa Matombo, walioulizwa kama wanakubali mawe yachimbwe kwao, kutoka kwenye Excel kwenda kwenye database ya yule mwekezaji wa machimbo ya mawe? Kumbe database ilikuwa inakata kila jibu refu, kimyakimya!

Na wazee wa kule unawajua. Mtu hasemi shida yake kabla hajataja ukoo, mama na bibi yake. Zikabaki salamu na majina tu. Mwekezaji akasoma, akasema hakuna aliyekataa.

Leo kwenye mkutano wa kijiji Redempta akamsomea Bibi Skolastika maneno yake. Akaishia kwenye jina la mama yake Bibi.

Bibi akasema, "Endelea, mjukuu wangu."

"Yameishia hapo, bibi."

"Hapana. Endelea. Bado sijasema."

Furaha, Redempta akafungua Excel palepale. Sentensi ya mwisho: "Huyo mama yangu kazikwa pale kwenye migomba, msipaguse."

Tingatinga lilipita pale jana!

Sasa Redempta kakaa hapa mlangoni, anaisoma hiyo sentensi kwa sauti, anairudia. Nikimwambia anyamaze, ananijibu bibi kamwambia aendelee.